Tutoke Ikulu, Tuingie Nyumbani kwa Sara

Msomaji wa tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya amezoea kuketi na watawala. Katika Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia alikutana na Mtemi Bokono. Katika Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege, na meya wa Cheneo. Katika Kigogo ya Pauline Kea, na Majoka. Wote madhalimu, na wote, tukisema kweli, ni wa ukoo mmoja.

Ndiyo maana naipendekeza Bembea ya Maisha ya Arege huyo huyo. Humo hamna mtemi. Mna Sara, mama mgonjwa. Yona, mume aliyezama ulevini. Na Neema, binti anayevutwa huku na wazazi, kule na ndoa yake. Swali la nani ampokee mama mgonjwa nyumbani mwake lina siasa nzito kuliko hotuba kumi za Majoka.

Kwa bahati mbaya, tangu iteuliwe kutahiniwa katika shule za upili, wengi wameijua kupitia miongozo tu. Mwongozo huorodhesha maudhui. Hauwezi kutusikilizisha kimya cha Sara mbele ya mumewe. Chama chetu kiigize tamthilia hii muhula huu, hata kwa mkeka na viti viwili.