Filamu za Kauboi Zina Nafasi Nyumbani kwa Bi Harusi



Sisi ni mafundi cherehani watatu, tuko Kinyala, wilaya ya Rungwe, huku bara ambako mvua haina msimu, inanyesha inapojisikia. Kazi yetu kubwa ni mashela na nguo za harusi. Mikono ikiwa kazini, jicho moja huwa kwenye filamu. Wenzetu wengi wako kwenye tamthilia za Kituruki na za Kikorea, na hatuwalaumu. Sisi ni kauboi. Tunashona huku tukitazama jangwa na vumbi, na nje matope yamefika mlangoni.

Wiki chache baada ya Idi alikuja bi harusi mmoja na shangazi yake kujaribu shela. Kwenye kompyuta ilikuwa inaendelea High Noon, filamu ya mwaka 1952, ya rangi nyeusi na nyeupe. Shangazi akavua viatu, akaitikia shikamoo zetu, akakaa. Akatazama kioo mara moja tu, akasema: "Ninyi wanangu, mtoto anakwenda kuolewa, na ninyi mnamwonesha watu wa bastola? Moyo wake utakuwa mgumu." Hatukumjibu palepale. Ni mkubwa wetu, halafu tulikuwa na pini mdomoni. Jibu letu ndilo hili.

Kwanza, shangazi hakujua kwamba filamu ile inaanza na harusi. Will Kane, mlinda usalama wa mji mdogo, anaoa asubuhi na anavua beji yake ya kazi ili aanze maisha mapya na mkewe Amy. Kabla sherehe haijapoa inakuja habari kwamba mhalifu aliyemfunga ametoka jela na anafika kwa treni ya saa sita mchana kulipiza kisasi. Watu wanamhimiza aondoke, na anaondoka na mkewe kwa gari la farasi. Njiani anasimama, anageuza farasi, anarudi mjini. Amy anapinga. Yeye ni wa madhehebu ya Quaker, hawapigani. Baba yake na kaka yake waliuawa kwa risasi. Anamwambia mumewe wazi kwamba asipoondoka naye, yeye ataondoka peke yake kwa treni hiyohiyo.

Sasa hapo ndipo sisi watatu tunapogombana kila mara. Mmoja wetu anasema Kane alikuwa na haki, mwanamume hakimbii, na adui angewafuata popote. Wawili tunasema hakukosea kurudi. Alikosea kugeuza farasi bila kumshauri mtu aliyekaa pembeni yake, ambaye muda mfupi tu kabla alikuwa amemwoa. Hapa hatuhitaji kusoma vitabu vya Wazungu. Suratul Baqara imetaja mume na mke kuridhiana na kushauriana hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa ziwa la mtoto lina mashauriano, je, kurudi kwenye risasi?

Bi harusi wetu alikuwa amesimama juu ya kigoda, tunampima pindo. Akasema polepole, bila kututazama: "Huyu naye hakumuuliza." Ndipo tukajua. Mchumba wake alikuwa ameshaamua kwamba wiki moja baada ya harusi wanahamia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na yeye alizisikia habari hizo kwa wifi yake mtarajiwa. Shangazi alikuwa hajui. Chumba kikawa kimya, tukabaki tunasikia treni ya kwenye filamu.

Tunauliza, basi: moyo wa nani uligeuka mgumu pale? Binti alipata maneno ya jambo lililokuwa limemkaa kooni. Kungwi anafundisha mengi, na tunamheshimu, lakini hafiki kila mahali.

Pili, shangazi hakukosea kabisa. Si kila kauboi ni ya kuwekwa sebuleni mama mkwe akiwepo, na dada anayependa filamu hizi ajue zimetofautiana kwa zama. Kuanzia mwaka 1934 mpaka 1968 studio za Hollywood zilibanwa na kanuni zao za maadili: uchi hakuna, matusi hakuna, mambo ya faragha ya mume na mke hayaoneshwi. Ndiyo maana filamu za zama zile, kama Stagecoach ya mwaka 1939, unaweza kuzitazama na watoto wamekaa mkekani. Kuna baa, ndiyo, na kuna mlevi, lakini macho hayapati aibu. Ajabu, za zamani ndizo vijana wanazozikimbia kwa sababu hazina rangi.

Halafu Waitaliano wakaingia. Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars mwaka 1964, nyingi za picha zake akizipiga Hispania, na mambo yakabadilika: shujaa hanyoi ndevu, haongei, na si mwema sana. Mwaka 1966 ikaja Django ya Sergio Corbucci, Franco Nero akiburuta jeneza kwenye matope (matope kama ya kwetu, hiyo tuliipenda kwa sababu hiyo tu). Hizi zina ukatili, damu na visasi. Muziki wa Ennio Morricone kwenye za Leone ni mzuri mno, sisi tunaucheza hata filamu imezimwa.

Katika za Kiitaliano tunayoipendekeza kwa mwanamke ni moja, Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968. Jill anashuka kwenye treni kumfuata mume, anafika nyumbani anakuta meza za karamu zimepangwa nje, na mume na watoto wake wote wamelazwa juu yake, wameuawa. Karamu yake imegeuka msiba kabla hajafungua sanduku. Ardhi ile ina maji ambayo reli inayahitaji, na ndiyo sababu ya mauaji. Kila mtu anangoja arudi alikotoka, hasa kwa kuwa ana maisha ya nyuma ambayo si ya kusimuliwa, lakini Jill anabaki kwenye shamba lake. Aliyemwigiza ni Claudia Cardinale, mzaliwa wa Tunisia. Mjane anayeshikilia ardhi ya marehemu huku wanaume wanamzunguka, hiyo ni habari ya Rungwe kabisa, badilisha reli weka chai. Tahadhari moja: kuna sehemu ya kitandani ambayo sisi huwa tunairuka. Kidole kiwe tayari.

Za siku hizi ndizo za kuchuja zaidi. Django Unchained ya mwaka 2012 ina kisa cha mume mtumwa aliyeachwa huru anayemtafuta mkewe aliyeuzwa, na hakuna mwanamke ambaye hatapenda kutafutwa hivyo. Lakini damu yake na matusi yake, hapana, tuliizima katikati na hatukuirudia. True Grit ya mwaka 2010 ni nyingine kabisa. Mattie, binti wa miaka 14, anamfuata aliyemuua baba yake, lakini sehemu yetu ni pale anapobishana bei na mfanyabiashara wa farasi mpaka mzee wa watu anachoka. Kila mwanamke mwenye biashara aitazame sehemu ile kabla hajaenda kununua vitambaa.

Kuna jambo moja linatuuma katika filamu hizi, na hili shangazi hakulitaja. Wenyeji asilia wa Marekani, wale walioitwa Wahindi Wekundu, kwenye filamu nyingi za zamani hawana majina wala mama wala watoto. Wanatokea mlimani, wanapiga kelele, wanauawa. Stagecoach ileile tuliyoisifu kwa adabu yake ndivyo inavyofanya. Sisi Waislamu tunajua ilivyo kuona watu wenye majina kama yetu wakitokea kwenye filamu ili wapigwe risasi tu. Kwa hiyo tunatazama, lakini hatushangilii pale. Na makauboi wenyewe wa kweli wengi walikuwa weusi na Wameksiko, ingawa ungetazama filamu mia za zamani usingewaona.

Lakini kwa nini watu huona haya ni mambo ya wanaume? Tunadhani ni kwa sababu ya mahali zilipooneshwa. Kizazi chetu kilikua wakati filamu za mapigano zinaoneshwa kwenye vibanda umiza, na wanaokaa humo ni vijana wa kiume, huku mtafsiri kama Lufufu akizimwaga kwa Kiswahili. Mtoto wa kike alisikia sauti kupitia ukuta wa mabati. Zamani zaidi haikuwa hivyo. Ninyi wa Unguja waulizeni bibi zenu: majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yalikuwa na maonyesho ya zanana, wanawake watupu, buibui zimejaa viti vyote. Nyingi zilikuwa za Kihindi, sawa. Na Sholay ya mwaka 1975 ni nini? Majambazi wa farasi, wizi wa treni, watu wawili wenye bunduki wanaokilinda kijiji. Ni kauboi iliyovaa nguo za Kihindi. Mama zetu wameipenda kauboi muda mrefu, ila iliimba.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa bi harusi ni huu: usiifiche flashi yako ya filamu chini ya sanduku. Mwambie mchumba kabla ya nikaha kwamba unapenda hizi, na mzitazame pamoja mkishaswali Isha. Anza na High Noon, ni fupi, haifiki saa moja na nusu. Akimtetea Kane, msikilize sababu zake. Utajua mengi kumhusu kabla ya saa sita ya kwenye filamu.

Tusisahau nguo. Aliyemwigiza Amy ni Grace Kelly, yuleyule aliyeolewa na mtawala wa Monaco mwaka 1956. Shela lake la siku hiyo, lililobuniwa na Helen Rose, lilikuwa la lesi, shingo imefungwa juu, mikono mirefu mpaka kwenye kiganja. Miaka 70 imepita na bado mabibi harusi wanatuletea picha yake kwenye simu. Kwa Muislamu halihitaji marekebisho mengi: weka bitana nzito chini ya lesi ya mikono na kifua, legeza kiuno kidogo, ongeza mtandio.

Bi harusi wetu naye alichagua lesi kama ile. Alikuja kulichukua wiki iliyopita, akatuambia harusi imesogezwa mbele wiki mbili; wazee wamekaa, na yeye alikuwepo. Kuhusu Chunya hakusema, nasi hatukumhoji. Shangazi alikuwa naye. Alikaa palepale pa siku ile, akatuambia ndaga fijo kwa kazi nzuri, kisha akauliza kama yule mwanamke alipanda treni au alishuka, maana siku ile tuliizima kwa ajili ya adhuhuri na yeye akaondoka hajaona mwisho.

Tukamwekea.