Wiki ya kuombea umoja: Wakristo wa Pemba wanaomba nini hasa?

Kuanzia Januari 18 hadi 25 makanisa mengi duniani huwa katika wiki ya kuombea umoja wa Wakristo. Mada ya mwaka huu wa 2026 imetoka katika Waraka kwa Waefeso 4:4, aya inayozungumzia mwili mmoja na Roho mmoja, na maandalizi yake yameongozwa na Kanisa la Kitume la Armenia. Hapa Tibirinzi, na Chake Chake kwa jumla, wiki hii hupita bila kelele. Wakristo ni wachache, na wasikilizaji wetu walio wengi ni Waislamu. Kwa hiyo tumeona tueleze umoja unaoombwa ni upi na umekwama wapi.

Mpemba hahitaji kuelezwa sana kuwa watu wanaweza kuelekea kibla kimoja na bado wakatofautiana siku ya Idi. Suala la mwezi mwandamo tunalijua: nyumba moja, huyu amefungua, yule bado amefunga. Kwa Wakristo mahali panapouma namna hiyo ni meza. Karibu makanisa yote yana ibada ya mkate na divai, ambayo Wakatoliki huiita Ekaristi na wengine Meza ya Bwana au Ushirika Mtakatifu. Lakini Mkatoliki na Mpentekoste wakienda ibadani pamoja, kwa kawaida hawapokei pamoja. Wanaweza kuimba na kusali bega kwa bega, lakini ikifika saa ya meza mmoja hubaki amekaa.

Wiki yenyewe ilianzia Marekani mwaka 1908, ikianzishwa na Paul Wattson. Baadaye, katika miaka ya 1930, padri Mfaransa Paul Couturier aliigeuza shabaha yake. Alisema tusiombe wengine warudi kwetu, tuombe umoja kama Kristo anavyoutaka na kwa njia anayoitaka. Hilo liliwapa nafasi hata wale wasiokuwa tayari kuhama madhehebu yao. Tangu 1968 maandiko ya wiki hii hutayarishwa kwa pamoja na Vatikani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Zanzibar ina sehemu kubwa katika habari hii kuliko wengi wanavyodhani. Juni 1913 wamisheni wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga shirikisho la makanisa yao. Mwisho wa mkutano Askofu William Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na watu wa madhehebu mengine wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipopata habari aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashitaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi. Mzozo ulifika kwenye magazeti ya Uingereza. Jibu la wakubwa, lililotolewa 1915, lilikuwa la huku na huku, hata watu wakatania kwamba ibada ile ilimpendeza Mungu lakini isirudiwe tena.

Ni rahisi kumwona Weston kama mkorofi. Sisi hatumwoni hivyo. Aliamini kwamba ukiificha tofauti chini ya mkeka, waumini wapya wa Afrika ndio watakaojikwaa. Tena mwaka 1918 alikwenda mwenyewe Kikuyu kuzungumza na wale wale aliowashitaki, na mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa maaskofu waliounga mkono wito wa umoja uliotolewa kwa Wakristo wote na mkutano wa Lambeth. Meza moja haikupatikana. Ila kutokana na ushirikiano wa misheni zile ilizaliwa Shule ya Alliance, pale pale Kikuyu, mwaka 1926.

Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi, nao ni Biblia. Waanglikana wa Unguja walikuwa na tafsiri yao ya Kiunguja, kazi iliyoanzwa na Askofu Edward Steere. Wa Mombasa wakawa na yao ya Kimvita. Ndugu wa kanisa moja, lugha moja, vitabu viwili. Ilichukua miaka mingi ya kubishana juu ya maneno hadi Biblia ya Muungano ikatoka mwaka 1952. Katika miaka ya 1990 ikaja Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliifanyia kazi pamoja.

Sasa turudi kisiwani. Mwaka 1897, baada ya amri ya Sultani Hamud ya kufuta hadhi ya utumwa, Marafiki, yaani Quaker, walikuja Pemba kufanya kazi na walioachwa huru, wakaweka kituo Banani. Waanglikana wa UMCA nao walikuwa na kazi upande wa Wete. Hawa wa pili walipenda ubani, kengele na mavazi ya ibada. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawana mkate na divai. Ibada yao ya asili ni kukaa kimya wakimngojea Roho. Yaani Pemba, pamoja na udogo wake, ilikuwa na ncha mbili za Ukristo kwa wakati mmoja.

Tunayakumbusha haya kwa sababu suala linalowagawa Wakristo wa hapa leo ni hilo hilo la Roho. Wengi wao ni walimu, askari na wafanyakazi wengine waliohamishiwa huku kutoka bara, kila mmoja amekuja na kanisa lake mkobani. Mpentekoste anauliza kama jirani yake Mlutheri amejazwa Roho kweli, maana hajamsikia akinena kwa lugha. Mkatoliki anaona kelele za mkesha ni hisia tupu. Mjini Dar es Salaam watu hawa wangeachana, kila mmoja akapata umati wa wenzake. Hapa ni wale wale: wakizikana, wakiozeshana, akiugua mmoja.

Maoni yetu ni kwamba kuombea umoja bila kuligusa swali hilo ni kuzunguka mbuyu. Anayemwambia mwenzake hana Roho amekwisha kumtoa mezani kabla ya sheria ya kanisa lolote kumtoa. Paulo, katika Wagalatia 5, anapotaja matunda ya Roho anaanza na upendo na kufika kwenye uvumilivu na kiasi. Hataji sauti ya juu, wala ukimya. Kwa kipimo hicho imani inayokua huonekana kwanza na jirani, na jirani huyo hapa mara nyingi ni Muislamu.

Mwaka huu Januari 18 ni Jumapili na 25 pia ni Jumapili. Siku zote mbili kila mtu atakuwa kanisani kwake. Nafasi ya kukutana ni kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumamosi Wasabato watakuwa kwenye ibada yao.