Kabla ya kununua dawa, tupige picha ya kereng'ende



Kila msimu swali linarudi lile lile kwenye mikutano: tununue chupa ngapi za dawa ya wadudu kwa ajili ya mupunga? Komite inahesabu hekta, mtunza feza anahesabu feza, na watu wanapulizia kwa sababu tarehe imefika, hata kama hakuna aliyeingia shambani kutazama wadudu. Sisi wataalamu wa kilimo tunaotembea na ninyi katika bonde la Ruzizi tunaona kuna kazi moja ya kutangulia hesabu hiyo. Ni kupiga picha za kereng'ende, kwa karibu, na simu ile ile mnayotumia kila siku.

Tunajua wengine watacheka. Watasema hiyo ni kazi ya watu wenye feza za kuchezea. Sikieni kwanza.

Kereng'ende ni mwindaji. Anakamata mbu, inzi wadogo, vipepeo wa usiku na wale wadudu warukaji wanaofyonza majani ya mupunga. Mtoto wake hana mabawa. Anaishi ndani ya maji kwa majuma au miezi, na humo anakula viluilui vya mbu. Hatuwadanganyi: kiwavi akishaingia ndani ya shina, kereng'ende hamfikii. Lakini ana faida nyingine kubwa: anatuonyesha hali ya maji. Maji yakiingia sumu, watoto wake wanakufa humo, na kisha wakubwa hawaonekani tena juu ya mupunga.

Kule Japani kuna kereng'ende mwekundu wa mashamba ya mupunga, wanamwita akiakane. Tangu miaka ya 1990 amepungua sana sehemu nyingi, na watafiti wanahusisha jambo hilo na dawa zinazotiwa kwenye miche, hasa fipronili na imidaklopridi. Angalieni kama majina hayo yako kwenye chupa zenu. Afrika Kusini nako, wataalamu wanampa kila kereng'ende alama kutoka 0 mpaka 9, kufuatana na ukubwa wa eneo anakoishi, hatari inayomkabili, na namna anavyoumia mazingira yakiharibika. Kwa alama hizo wanapima mito na mabwawa yao.

Kwa nini picha, badala ya kumkamata? Kwa sababu akikufa rangi zake zinafifia, na rangi ni moja ya vitu vinavyotambulisha aina yake. Picha ya kereng'ende hai inabaki na bluu yake, na nyekundu yake. Tena msifikiri kwamba kila kitu cha maji yetu kimeshaandikwa vitabuni. Mwaka 2015, mtafiti K.-D. B. Dijkstra na wenzake wawili walitangaza aina mpya 60 za Afrika kwa mara moja.

Sasa namna ya kupiga. Mwende asubui mapema, mbele ya jua kupanda. Saa hizo mdudu bado ana baridi, umande uko juu ya mabawa, na harukiruki. Mpanguse kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Msogee pole pole, jua likiwa nyuma yenu, lakini kivuli chenu kisimwangukie. Mshuke mpaka simu iwe sawa na kimo chake. Msivute picha kwa vidole, inaharibika. Afazali mguu usogee. Mguse kioo cha simu pale palipo jicho lake, kisha mpige picha nyingi. Moja iwe ya ubavuni, moja ya juu, na mkia uonekane mpaka mwisho. Akiruka, msimfukuze. Wengi wanarudi kwenye kijiti kile kile. Mwenda pole hajikwai.

Kuna picha moja inayopita zote kwa faida, na haihitaji hata kereng'ende mwenyewe. Mtazame mashina ya mupunga, juu kidogo ya maji. Mtakuta ganda kavu, la rangi ya udongo, limepasuka mgongoni. Ni ngozi aliyoivua mtoto wa kereng'ende siku aliyopata mabawa. Mwenye mabawa anaweza kutoka mbali, lakini ganda lile linasema: nimekomaa hapa, maji haya yamenilea. Mkute maganda mengi shambani, mjue maji yenu bado yana uhai.

Picha moja haitoshi kuhukumu. Kereng'ende anaweza kukosekana kwa sababu ya mvua, upepo, au shamba kukaushwa. Kwa hiyo mchague mahali pawili, juu ya mfereji maji yanapoingia na chini yanapotoka, mpige picha kila majuma mawili, saa ile ile. Kwenye daftari mwandike tarehe, kimo cha maji, na siku dawa ilipopuliziwa. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walisema. Kama juu wako wengi na chini hakuna, msimu mzima, hapo kuna neno la kuzungumza.

Na tena: msipige picha karibu na madaraja, barieri au kambi ya askari. Mmujulishe chefu wa kijiji mbele ya kuanza. Mdudu mmoja asilete matata ya bure.

Nani ashike simu? Sisi tunapendekeza watu wawili: kijana mmoja anayejua simu, na mama mmoja kati ya wale wanaopalilia. Wamama njo wanaosimama ndani ya maji hayo siku nzima, na maji hayo hayo yanafua nguo na kuogesha watoto. Mambo ya sumu yanawagusa wao mbele ya wote, basi wao wawe na neno.

Tunachoomba ni kidogo. Kwenye mkutano mkuu unaokuja, mbele ya kupiga kura juu ya feza za dawa, picha na daftari viwekwe mezani, kila mwanachama atazame. Pengine mtaona kweli wadudu waharibifu wamezidi na dawa inahitajika; basi mnunue, lakini mjue kwa nini. Pengine mtaona wawindaji wako kazini bila kulipwa, na feza ile itaenda kwenye mbegu bora au kutengeneza mfereji. Uamuzi ni wenu. Ila tusipulizie tena kwa kalenda tu, bila kutazama maji.