Sikio Lililo Juu ya Meza ya Mwalimu

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita, nilikaa nyuma ya darasa la tatu nikimsikiliza mwanachuo mmoja akiendesha kipindi cha mazungumzo. Kila mtoto alitakiwa asimulie habari za nyumbani kwao. Binti mmoja alipokuwa akieleza kwa nini mama yake hakulala nyumbani, simu ya mwalimu, iliyokuwa juu ya meza, iliwaka ghafla ikaanza kujibu kwa Kiingereza. Darasa likaangua kicheko. Binti akaketi, wala hakusema tena.

Mwanachuo aliliona jambo hilo kuwa kichekesho tu. Mimi siafikiani naye. Kisaidizi cha sauti hungojea jina lake wakati wote. Kikilisikia, au kikidhani kimelisikia, hunasa maneno yanayofuata na aghalabu huyapeleka kwa njia ya intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyokiunda. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu waliosikiliza baadhi ya sauti hizo. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwamba ilihifadhi sauti za watoto bila kikomo na kwamba haikutimiza ipasavyo maombi ya wazazi waliotaka zifutwe. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 25. Wajerumani walikwisha kuchukua hatua kali zaidi: Februari 2017 walipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, aliyefichwa maikrofoni ndani yake, wakawaagiza wazazi wamharibu.

Sisemi kwamba chombo hiki hakina manufaa. Mwalimu wa watoto wasioona atanicheka nikisema hivyo, na anayekiuliza swali ofisini akiandaa somo hana kosa. Ubishi wangu ni juu ya darasa. Mtoto wa miaka minane husimulia ya kwao kwa sababu anamwamini mwalimu aliye mbele yake. Msikilizaji mwingine hakumkaribisha, na mzazi wake hakuulizwa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti.

Zamu ya binti yule ilipofika tena wiki iliyofuata, alisema kwao hakuna habari. Tangu hapo, nikikagua andalio la somo, huuliza pia simu itakuwa wapi. Baadhi ya wanachuo hunung'unika.