Wanakitaya, Tupunguze Nguvu ya Manati

Ndugu zangu wa Kitaya, na hasa ninyi vijana mnaoamia mpunga kwenye bonde la Ruvuma, sijaja kuwanyang'anya manati. Anayeamka alfajiri kufukuza ndege shambani, au ngedere kwenye mikorosho, anaijua kazi yake. Ombi langu ni kwamba tuipime nguvu ya manati kabla haijatoka nyumbani.

Wenzetu wa mchezo wa bunduki za rangi wameshalifanyia kazi jambo hili. Bunduki hizo zilianza kama zana za kutia alama miti na ng'ombe, mpaka mwaka 1981 watu fulani huko New Hampshire, Marekani, walipoanza kulengana nazo. Risasi yake ni kidonge cha rangi chenye ganda laini, upana milimita 17 hivi, uzito kama gramu 3. Hata hivyo bunduki hupimwa kasi kabla ya mchezo. Viwanja vingi havikubali izidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Ikizidi, skrubu inayokaza springi inalegezwa kidogo, bunduki inafyatuliwa, kasi inapimwa tena, mpaka ishuke. Na barakoa ya macho haivuliwi uwanjani, kwa kuwa kidonge cha upana huo kinapenya katikati ya mfupa wa paji na wa shavu, kikalipiga jicho lenyewe.

Jiwe la manati hupenya hivyo hivyo, nalo halipasuki.

Kasi ikiongezeka mara mbili, pigo huongezeka mara nne. Kwa hiyo kijana anayeacha mpira wa tyubu ya baiskeli akafunga wa lori, tena tabaka mbili, ameshatengeneza kitu kingine kabisa. Wazazi, shikeni manati za watoto wenu leo jioni mzivute wenyewe. Mpira ukatwe mwembamba, tabaka moja, na usivutwe hadi mwisho. Gololi za beringi na vipande vya nondo vitupwe. Finyangeni vidonge vya udongo, vikauke juani. Ndege anakimbizwa na mshindo, hahitaji chuma. Kisha wekeni boksi tupu hatua kumi mbele: kidonge kikilitoboa, mpira upunguzwe tena. Kipimo hiki ni cha kienyeji, hakilifanyi jicho kuwa salama. Palipo na mtu, hapafyatuliwi.

Kuhusu midoli yenye umbo la bunduki, hapa kwetu naomba isiletwe kabisa. Kijiji kilichovamiwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka mto kutoka Msumbiji hakina haja ya kijana mwenye kitu kama hicho mkononi jioni, karibu na mto, mbele ya askari aliye lindoni.

Na ajali ikitokea, jicho lisisuguliwe wala kukandamizwa. Msitie dawa za majani, wala maziwa ya mama, na kama limechanika msilioshe. Lifunikeni kwa kikombe safi kinachokaa kwenye mifupa bila kuligusa, kisha muwahi kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Damu ikionekana mbele ya mboni, au akisema anaona ukungu, ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, bila kusubiri kesho.