Umepangiwa Mbulu? Kabla hujalia, piga hesabu

Wadau, kuna maneno mawili tu ambayo kijana wa Sinza au Tabata akiyasikia hunywea kama kuku aliyenyeshewa: "Umepangiwa Manyara." Akiuliza Manyara ipi akaambiwa Mbulu au Hanang, ndiyo basi tena. Jioni hiyo hiyo anaanza kumtafuta mjomba aliyeko wizarani ili kituo kibadilishwe.

Kuna kundi la pili, na hili halilii. Hili linashangilia. "Kule maisha bei chee, mwaka mmoja nimeshanunua kiwanja." Nimewasikia wa aina zote mbili, na kwa maoni yangu wote wamekosea, tena kosa moja. Wote wanahesabu maisha ya mwezi wa kawaida. Anayehama kutoka Dar kwenda Mbulu au Katesh haangushwi na mwezi wa kawaida. Anaangushwa na miezi mitatu ya kwanza.

Tuanze na hesabu ambayo kila mtu anaipenda, yaani kodi ya chumba. Nitatumia namba za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme Dar ulikuwa unalipa 120,000 kwa mwezi na Katesh umepata chumba cha 50,000. Umeokoa 70,000 kila mwezi, safi sana. Lakini ili ufike kwenye hicho chumba kuna nauli, kuna mzigo, kuna siku kadhaa za kulala gesti ukitafuta nyumba, kuna dalali anayetaka kodi ya mwezi mzima kama ujira wake, na kuna godoro na mtungi wa gesi ulivyoviacha kwa dada yako Dar. Tuseme jumla yake ni 600,000. Gawanya kwa 70,000. Utakaa karibu miezi tisa kabla hujarudisha gharama ya kuhama. Ndani ya hiyo miezi tisa hujaokoa kitu, unalipa deni la safari.

Halafu mwenye nyumba naye hataki kodi ya mwezi mmoja. Desturi yetu Tanzania ni miezi sita, wengine mwaka. Kwa hiyo mwezi wa kwanza unatakiwa kuwa na 600,000 za kuhama pamoja na 300,000 za kodi. Hizo ni 900,000 na bado hujala ugali. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni 500,000, na ni hicho hicho uwe Ilala au Haydom. Unaona tatizo liko wapi? Mbulu si ghali. Mlango wa kuingilia Mbulu ndio ghali.

Sasa tuangalie maisha yenyewe. Mimi huwa nagawa gharama katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo havijui umehama. Umeme wa Tanesco bei yake ya uniti ni moja. Vocha ni ile ile. Michango ya harusi za Dar itakufuata kwenye simu kama kawaida, tena wakidhani huko unakula bure.

Fungu la pili ni vitu vinavyopanda kadiri unavyokwenda mbali na bandari. Hapa kuna kipimo kizuri ambacho vijana wengi hawakitumii. Kila mwezi EWURA hutoa bei kikomo za mafuta, na orodha yake haiishii mikoani. Inashuka hadi wilayani. Kuna mstari wa Babati, wa Katesh, wa Mbulu. Chukua bei ya Dar, chukua ya Mbulu, tafuta tofauti. Mafuta yakiwa ghali zaidi, nauli nayo itakuwa hivyo, na sabuni, bati, saruji na kila kinachopandishwa na lori kitabeba sehemu ya tofauti hiyo. Ni karatasi moja tu, haina siasa.

Fungu la tatu ni vitu ambavyo Dar ndiyo ipo mbali navyo. Mahindi, maharage, ngano, alizeti, maziwa, kuku, nyama. Mbulu inajulikana kwa vitunguu saumu, na wewe Dar ulikuwa unavinunua punje kwa punje. Lakini punguzo la fungu hili halimwendei kila mtu. Linamwendea anayenunua kwa debe baada ya mavuno, katikati ya mwaka, akaweka ndani. Anayekwenda dukani kwa Mangi kila jioni kununua nusu kilo ya mchele uliotoka mbali, soda na tambi, huyo anaishi Dar akiwa Katesh, na analipa Dar pamoja na nauli ya lori. Siku ya mnada ndiyo siku yako ya mshahara wa pili. Nenda na mwenyeji, mwite dada au kaka, akuoneshe bei ya haki. Siku hiyo usijifanye mjuaji wa mjini.

Nakuomba pia usidanganywe na takwimu usiyoielewa. Kuna rafiki yangu alinitumia taarifa ya mfumuko wa bei ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu akasema, "Ona, bei hazijapanda sana, nitaishi vizuri." Mfumuko wa bei unalinganisha leo na mwaka jana. Haulinganishi Kariakoo na soko la Dongobesh. Ukitaka kujua sehemu mbili zinatofautianaje, mpigie mtu anayeishi pale, umpe orodha ya vitu kumi unavyonunua kweli, akutajie bei moja moja. Dakika kumi za simu zitakusaidia kuliko ripoti nzima.

Tukija kwenye njia, hapa mambo yamekuwa nafuu kuliko walivyoyapata waliotutangulia. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Tangu 2024 treni ya SGR inakufikisha Dodoma kutoka Dar kwa saa chache, halafu unapanda basi. Katesh unaweza kuifikia kwa kupitia Babati au Singida, kote lami. Mbulu ni habari nyingine. Kutoka upande wa Babati unapita Dareda, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Dongobesh, ama unazungukia Karatu. Uliza hali ya barabara kabla ya kupakia kabati, hasa wakati wa masika. Na usome barua yako vizuri. Ikiandikwa Mbulu, ni Halmashauri ya Mji au ya Wilaya? Ni kata gani? Kukaa Mbulu mjini, kukaa Haydom palipo na hospitali kubwa ya Walutheri iliyoanza 1955, na kukaa bonde la Yaeda Chini ni bajeti tatu tofauti kabisa. Anayekaa mbali na benki, hospitali na ofisi ya halmashauri anatakiwa aweke fungu la nauli kila mwezi kama anavyoweka la chakula. Chumba cha bei ya kutupwa kilicho mbali na kila kitu si cha bei ya kutupwa.

Sasa nije kwenye jambo zito. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 3,400 na mji uko chini yake. Nasema haya kwa sababu mgeni hutafuta nyumba kwa kuangalia bei na vigae. Mwenyeji anajua maji hupita wapi. Kabla ya kulipa miezi sita, muulize mama mwenye nyumba na majirani: Desemba 2023 tope lilifika wapi? Korongo liko umbali gani? Ukiona nyumba nzuri ina bei ya chini kuliko wenzake wote wa mtaa huo, usishangilie kwanza. Uliza. Kodi ndiyo gharama ndogo kuliko zote unazoweza kulipa kwenye nyumba.

Kuna baridi pia. Kuanzia Juni mpaka Agosti utaelewa kwa nini wenyeji hutembea na mashuka na makoti mazito. Weka blanketi nzito kwenye bajeti, tena usiiweke mwishoni. Mgeni asiye na blanketi huingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, analala. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu kila mwaka. Nunua blanketi.

Turudi kwenye ile miezi mitatu, maana huko ndiko vijana wanakozama. Ajira mpya, mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa kuingia kwenye mfumo. Posho ya kujikimu nayo inaweza kuchelewa. Kodi inadaiwa leo. Hapo ndipo anapotokea mtu mwema sana mwenye mkopo wa haraka, tena hataki masharti mengi, anataka kadi yako ya benki na namba ya siri tu. Wengine wanaingia kwenye programu za simu. 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, lakini njaa haisomi orodha. Hii ndiyo mikopo ya kausha damu. Mwalimu anayeanza kazi na kausha damu hataiona raha ya mahindi ya debe mwaka mzima, kwa sababu mshahara wake unaishia kwenye mashine ya kutolea fedha, mkononi mwa mtu mwingine. Halafu siku moja anaomba ruhusa ya kuuguza, hapandi basi la kurudi. Sisi mjini tunasema, "Kule hakukaliki." Si kweli. Kunakalika, watu wamekaa miaka na mikaka. Wairaqw wapo, Wabarabaig wapo, Wahadzabe wapo, na waliotoka Moshi na Singida wameoa na kuzeeka huko.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wa siku hizi ni walaini tu. Taratibu za utumishi wa umma zinatambua kwamba mtumishi anayehamishwa anastahili gharama za uhamisho. Haki hiyo ikilipwa baada ya miezi minane inakuwa malimbikizo, haimsaidii mtu aliyelala gesti. Pesa ya kuhama inatakiwa imkute mtu stendi, siyo mahakamani akidaiwa. Halmashauri inayotaka kumbakiza mwalimu au muuguzi ingeanzia hapo: posho mkononi siku ya kuripoti, na mwenyeji mmoja wa ofisini wa kumsaidia kutafuta nyumba salama anayoweza kuilipia miezi mitatu badala ya sita. Jambo la pili halihitaji bajeti ya Bunge.

Na wewe uliyepangiwa, usingoje halmashauri ibadilike. Kama unazo wiki chache kabla ya kuripoti, uza friji na makochi, uhame na begi, blanketi na fedha taslimu. Makochi yananunulika Babati. Fedha ya miezi mitatu hainunuliki popote, inakopwa tu, na wanaoikopesha nimeshawataja.

Mtoto wa darasa la tatu kule Basotu hajui kama mwalimu wake aliondoka kwa sababu ya kausha damu au kwa sababu ya baridi. Anachojua ni kwamba kipindi cha hesabu hakina mtu.

Nawasilisha.