Deni la Marehemu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai 2020 nchi yetu ilipatwa na msiba wa ghafla. Ndugu Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu aliyetuongoza tangu 1995 hadi 2005, alifariki dunia mjini Dar es Salaam. Zikatangazwa siku saba za maombolezo. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, umati ukaenda Uwanja wa Uhuru kumuaga, na tarehe 29 akazikwa kijijini kwake Lupaso.

Hayo yalikuwa wajibu wetu, nao ulitimizwa. Lakini misiba ya viongozi imetufika tena tangu hapo, na kila mara huzuka makundi mawili. La kwanza lasema marehemu hasemwi, na anayetaja kosa lake hana adabu. La pili lashangilia kifo kana kwamba aliyekufa hakuwa na mke wala watoto. Sisi twasema makundi yote mawili yamepotea njia.

Ndugu wananchi wa Usambara, tutazame desturi yetu wenyewe. Akifa mkulima wa kabichi wa Lukozi, kabla ya kuzikwa husimama ndugu yake mbele ya watu akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze pia. Hakuna anayeona kuwa hilo ni tusi. Kila mtu ajua kwamba marehemu anatuliwa mzigo. Basi ikiwa mkulima hupewa heshima hiyo, kwa nini anyimwe kiongozi aliyeshika mali ya watu wote?

Wazee wa Kishambaa nao walikuwa na mizani. Mtawala wa Vuga alipimwa kwa maneno mawili: amezifya shi, yaani ameiponya nchi, au amebana shi, ameidhuru. Kiti chake hakikumkinga na mizani hiyo.

Tumpime basi Ndugu Mkapa kwa haki. Tuanze na deni analotudai yeye. Mwaka 1996 Mamlaka ya Mapato ilianza kazi, na kodi ya wananchi ikapata mtunzaji. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya kuanzisha Chuo cha Uongozi wa Mahakama, nacho kiko hapa hapa Lushoto. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa, na watoto wa maskini wakaingia darasani kwa wingi. Anayesahau hayo ni mtovu wa shukrani.

Sasa tutaje deni tunalomdai sisi. Katika miaka yake mali nyingi za umma zilibinafsishwa. Kiwanda cha chai cha Mponde, kule Bumbuli, kilipita katika njia hiyo mwaka 1999. Mwaka 2013 kikafungwa kwa mgogoro, na mkulima mwenye majani mabichi mgongoni akakosa pa kuyapeleka. Na Januari 2001 damu ya raia ilimwagika Pemba.

Je, tukiyataja haya twamvunjia heshima? Hata kidogo. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Novemba 2019, miezi minane tu kabla ya kufa, aliyaandika mauaji ya Pemba kuwa ni doa katika utawala wake. Aliwahi kuwa mhariri wa gazeti la chama, akajua thamani ya neno lililoandikwa. Ikiwa mwenye deni amekiri kwa kalamu yake, sisi tunamfichia nini? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo twawaomba wazee wasiwakemee vijana wanaouliza, na vijana wasicheke penye kilio. Na sisi wa chama tujisahihishe kwanza. Chama kikiogopa hesabu ya wafu wake, kitaiogopa zaidi hesabu ya walio hai, na hapo ndipo nchi hubanwa.

Viongozi mlio madarakani leo, daftari zenu ziko wazi mikononi mwenu. Kifo cha ghafla hakimpi mtu nafasi ya kufuta mstari hata mmoja. Lipeni madeni yenu mkingali hai, ili siku ndugu yenu atakaposimama na kuuliza nani anamdai marehemu, watu wanyamaze kwa kuwa hakuna mdai, wala si kwa hofu.